Unamlea Mtoto wa Nduguyo? Uwe na Karatasi



Somo letu safari hii ni la sheria, lakini msitishike. Hatutasema kama mawakili. Neno gumu likitokea tutalieleza palepale, na mwisho kuna maswali ya kuzungumza kikundini kama kawaida yetu. Wenye miwani wavae miwani.

Tuanze na bibi mmoja. Ni mwanakisomo mwenzenu wa kijiji cha pwani, huko Pangani, naye ametukubalia tueleze habari zake bila kutaja jina. Alianza kisomo akiwa na miaka 58. Mwenyewe anasema alichelewa kwa sababu mchana alikuwa akisuka makuti na jioni alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo si wa kumzaa. Ni mjukuu wake. Binti yake alifariki mwaka 2017, akamwachia kitoto cha miezi minane. Baba wa mtoto, mtu wa Handeni, alikuja mazishini, akakaa siku tatu, akaondoka. Uji, homa za usiku, sare ya shule, daftari, vyote vikawa juu ya bibi.

Miaka saba ikapita. Siku moja alasiri baba akaja na kaka zake wawili. Wakasalimu vizuri, wakapewa maji, wakaketi barazani. Kisha mkubwa wao akasema, "Mama, tunakushukuru sana kwa kutulelea. Sasa tumekuja kumchukua mtoto wetu." Kabla bibi hajajibu, wakauliza na habari za shamba. Maana marehemu aliacha kishamba cha minazi alichonunua kwa jasho lake. Na hapo pakawa na jambo la pili, kwa kuwa mjomba wa mtoto, yaani mtoto wa kiume wa bibi yuyo huyo, alikuwa akiangua nazi za shamba lile na kuuza tangu dada yake azikwe. Hakuna aliyemuuliza.

Bibi akaingia ndani akatoka na mkoba wake. Ndani ya mkoba mlikuwa na karatasi moja tu, kadi ya kliniki ya mtoto. Basi.

Alikuja darasani siku ya pili na kadi ile. Akatuuliza, "Walimu, hivi mimi ni nani kwa mtoto huyu?"

Sisi tulijua jibu la moyoni. La sheria ilibidi tukalitafute. Tulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, tukakaa na msaidizi wa kisheria, tukaisoma Sheria ya Mtoto sisi wenyewe. Tuliyojifunza ndiyo haya.

Zamani wazee walikuwa ndiyo karatasi

Huku kwetu mtoto kulelewa na bibi, shangazi, mama mkubwa au mjomba si ajabu. Tangu siku za mashamba ya mkonge, baba akienda kukata mkonge na mama akimfuata, mtoto alibaki kijijini. Wavuvi wanahama na pepo. Vijana wanakwenda Dar es Salaam kutafuta. Watoto wanabaki na wakubwa.

Mila nazo zilikuwa na njia zake. Wadigo na Wazigua wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa kwa watoto wa dada yake. Wasambaa walihesabu kwa upande wa baba. Kila mtu alijua mtoto ni wa nani na shamba ni la nani. Ukitokea ubishi, mzee mmoja anakohoa, anasema neno, yamekwisha.

Lakini wazee wale wamekwenda. Watu wamechanganyika: mama Mdigo wa Mkinga, baba Mzigua wa Handeni, bibi anakaa Pangani. Mila ya nani ifuatwe? Na shamba ambalo zamani halikuwa na mnunuzi, leo lina bei. Ndipo tunakumbuka usemi ule wa mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliufundisha kwenye somo la duka la ushirika. Sasa tunauona unahusu hata watoto.

Sheria inasema nini?

Tanzania Bara tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Wenzetu wa Zanzibar wana yao ya mwaka 2011, kwa hiyo mwenye mtoto Pemba au Unguja aulize kule. Sheria yetu inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Inasema tena kwamba katika kila uamuzi juu ya mtoto, kitu cha kwanza kuangalia ni faida ya mtoto mwenyewe. Siyo faida ya baba, siyo ya bibi, wala siyo heshima ya ukoo. Tafadhali rudieni sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu hakimu ataanzia hapo.

Kuna jambo moja lilitufurahisha. Sheria hii haikuzitupa mila. Inasema wazazi wote wawili wakifariki, wajibu wa mzazi unaweza kupita kwa ndugu wa upande wowote, kwa amri ya mahakama, au kwa utaratibu wa kimila. Yaani kikao cha ukoo kikikaa baada ya arobaini na kusema "shangazi atalea", hilo ni jambo ambalo sheria inalitambua.

Ila tazameni vizuri neno "wote wawili". Bibi yetu amefiwa na mama wa mtoto tu. Baba yupo hai. Kwa hiyo kikao cha upande wa mama peke yake hakiwezi kumfuta baba. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani mzazi akikaa miaka mingi bila kuleta hata sabuni, haki yake imekufa. Haijafa. Imelala tu, na siku yoyote inaweza kuamka na kugonga hodi.

Amri ya malezi

Kwa walezi wengi wa vijijini mlango unaofaa ni huu, na kwa hiyo tutakaa hapa zaidi.

Amri ya malezi ni uamuzi wa mahakama unaosema mtoto fulani ataishi na kulelewa na mtu fulani. Kifungu cha 37 cha sheria ile, kama ilivyopitishwa mwaka 2009, kimewataja wanaoweza kuomba: mzazi, mlezi, au ndugu anayemtunza mtoto. Soma tena: ndugu anayemtunza mtoto. Bibi yumo. Shangazi yumo. Hahitaji kusubiri mzazi afe, wala hahitaji kuombewa na mwanamume wa ukoo.

Maombi hupelekwa Mahakama ya Watoto. Msitafute jengo jipya lenye bango hilo. Mara nyingi ni chumba cha mahakama ileile mnayoijua, ambamo siku hiyo hakimu anakaa kusikiliza mambo ya watoto bila msongamano wa watu. Na kwa wale wanaoogopa Kiingereza, tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mtaelewana.

Hakimu ataangalia nini? Umri wa mtoto na kama ni wa kike au wa kiume. Maoni ya mtoto mwenyewe, mradi yawe yake kweli, siyo aliyofundishwa njiani. Kama ana ndugu zake wa kuzaliwa, ni vizuri wasitenganishwe. Ataangalia pia malezi yasikatikekatike, maana mtoto si mche wa mnazi wa kung'olewa kila msimu. Na hapa tusidanganyane. Sheria inaona ni vizuri mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa pale haki zake zinapovunjwa mara kwa mara. Kwa hiyo bibi haendi mahakamani na ushindi mfukoni. Anakwenda na ushahidi.

Ushahidi wa mlezi ni vitu vidogo vidogo. Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo. Barua ya mwalimu mkuu ikisema ni nani anayekuja kwenye vikao vya wazazi. Barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji. Cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki. Majirani wawili watatu wanaojua. Bibi yetu alikuwa na kitu kingine ambacho hata sisi hatukukifikiria. Tangu ajue kuandika alikuwa akiandika kwenye daftari la kisomo kila alichonunua kwa ajili ya mtoto, ati kwa kufanya mazoezi ya hesabu. Sare, tarehe, bei. Ndala, tarehe, bei. Kurasa kumi na moja.

Mahakama inaweza pia kumtuma afisa ustawi wa jamii aje nyumbani, aone mtoto analala wapi, anakula nini, anasoma vipi, kisha aandike taarifa. Akija msifiche umaskini wenu. Nyumba ya makuti si kosa. Kinachotazamwa ni matunzo.

Na anayeshindwa kupata amri ya malezi hafungiwi nje. Anaweza kuomba amri ya kumwona mtoto, kwa mfano siku za likizo. Hii ni kwa mzazi, mlezi, na hata ndugu aliyekuwa akimlea mtoto kabla. Kwetu sisi hili ni jambo kubwa. Maana yake siku mtoto akirudi kwa baba, bibi anaweza kuiomba mahakama aendelee kumwona.

Wazazi wanaoachana nao wanahusika hapa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama, kama kuna sababu nzito za kutowapa baba wala mama, kumkabidhi mtoto kwa ndugu mwingine.

Matunzo: anayelea si lazima alipe peke yake

Tunasikia sana vijijini, "Ukimlea, mgharamie." Sivyo. Kulea ni jambo moja, na kulipia ni jambo lingine. Ndugu anayemlea mtoto anaweza kuiomba mahakama imwamuru mzazi aliye hai atoe fedha za matunzo. Hakimu atauliza kipato cha mzazi na hali ya maisha, kisha atapanga kiasi. Amri hiyo huenda mpaka mtoto afikishe miaka 18, na inaweza kuongezwa kama bado yuko masomoni.

Vijana wetu wanaweza kucheka, lakini sheria ya zamani iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kiwango cha juu cha shilingi 100 kwa mwezi. Ilibaki kwenye vitabu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Shilingi mia! Sasa hakuna kiwango cha namna hiyo. Pia baba akikana kuwa mtoto si wake, mahakama inaweza kuombwa ithibitishe uzazi, na inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, ile damu ya kuonyesha nani ni mzazi.

Bibi yetu aliposikia hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi sitaki hela yake." Tulimjibu kwamba hela ile si yake yeye. Ni ya mtoto. Mwacheni bibi akatae sukari yake, lakini asikatae daftari la mjukuu. Kweli ada imefutwa katika shule za serikali, tangu mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 kidato cha tano na sita. Lakini sare, madaftari, nauli na chakula havikufutwa.

Shamba la minazi

Sasa turudi kwa mjomba. Huyu si mtu mbaya. Alisema, "Nisingeangua mimi, zingeanguliwa na wezi." Huenda ni kweli. Lakini nazi za miaka saba ni mali, na mwenye haki ni mtoto pamoja na warithi wengine wa marehemu.

Sheria ya Mtoto inasema mtu asimnyime mtoto kufaidi mali iliyoachwa na mzazi wake. Ili mali hiyo ilindwe, ukoo unakaa kikao, unapendekeza msimamizi wa mirathi, kisha mnakwenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Mahakama ndiyo inayomteua msimamizi. Kila mrithi atapata kiasi gani? Hilo linategemea ni sheria ipi inayotumika kwa marehemu, ya Kiislamu, ya kimila, au ile ya serikali. Msimamizi anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya kweli ya mali na madeni katika miezi minne tangu ateuliwe. Msimamizi hageuki kuwa mwenye mali. Mlezi naye hageuki kuwa mwenye mali. Ni mtunzaji, kama mweka hazina wa chama.

Bibi na babu mnaolea wajukuu, tusikilizeni hapa zaidi. Kwa Waislamu, mjukuu wa binti kwa kawaida hamrithi bibi yake, na mjukuu ambaye baba yake ametangulia huzuiwa na baba zake wadogo na wakubwa walio hai. Tumeona yatima aliyekua katika nyumba ya babu yake akitolewa nje wiki moja baada ya mazishi. Dawa ipo, na dini yenyewe imeitoa. Mtu anaweza kuandika wasia kwa ajili ya asiye mrithi, usiozidi theluthi moja ya mali yake. Au anaweza kumpa mjukuu kitu angali hai, kwa maandishi na mashahidi. Ukiwa na minazi 30, kumi unaweza kumuusia. Lakini andika. Maneno ya kusema kitandani siku ya kufa kila mtu huyasikia kwa namna yake.

Kuasili, na kwa nini tunasema subirini kwanza

Kuasili ni kumfanya mtoto wa mtu awe mtoto wako kabisa mbele ya sheria. Haki na wajibu wa wazazi wa kwanza hukoma, naye huhesabiwa kama uliyemzaa. Ni mlango mzito. Kwa kawaida maombi huenda Mahakama Kuu (hata Tanga mjini ipo), wazazi walio hai huombwa ridhaa yao, ustawi wa jamii huchunguza, na ni marufuku kupeana fedha ili mtoto atolewe.

Mlango huu unamfaa mtoto asiye na mtu, au mlezi anayetaka kifungo kisichofunguka. Lakini kwa bibi na mjukuu wake sisi hatuoni haja. Bibi hana haja ya kugeuka mama. Tena kwa Waislamu wengi wa pwani kuna jambo la nasaba. Kumlea yatima kuna thawabu kubwa, lakini kumbadilishia baba na kumwita kwa ubini wako hakukubaliki. Amri ya malezi haigusi nasaba. Mtoto anabaki binti fulani wa fulani, na wewe unakuwa mlezi mwenye nguvu ya sheria.

Mtasikia pia neno "malezi ya kambo". Hapa si baba wa kambo mliyemzoea. Ni mpango wa serikali ambao ustawi wa jamii humweka mtoto mwenye shida katika nyumba ya mtu aliyekubaliwa, kwa muda. Mara nyingi huyo si ndugu. Tumeligusa tu ili mlijue.

Kosa la nia njema

Kuna wenzetu ambao, kwa kumpenda mtoto, walikwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa wakajiandikisha wao kuwa ndiyo baba na mama. Walifikiri wamemaliza matatizo. Kumbe wameyaanzisha. Kutoa habari za uongo kwa msajili ni kosa. Tena siku mtoto akitaka haki yake katika mali ya mama yake aliyefariki, cheti chake kinasema mama yake ni mtu mwingine, na yuko hai!

Andikeni ukweli. Jina la mama aliyezaa, jina la baba aliyezaa. Mlezi anaweza kumwandikisha mtoto bila kujifanya mzazi. Uandikishaji hutakiwa mapema, ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Ukichelewa bado inawezekana, ila utatakiwa vielelezo zaidi, kama kadi ya kliniki na barua ya kijiji. Uliza kwa Mtendaji wa Kata, au kwa msajili wa vizazi na vifo aliye ofisi ya wilaya. Kazi hii iko chini ya RITA.

Na tuseme la mwisho kuhusu makosa, japo litawachoma baadhi yetu. Kuna shangazi anayekuja Lushoto au Handeni, anachukua binti wa kaka yake, anasema, "Nakwenda kumsomesha mjini." Mwaka unapita, binti anaosha vyombo, anauza maandazi, anabeba mtoto. Shule haijui. Huko si kulea. Huko ni kuajiri bila mshahara. Jirani akiliona hili ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji au mtaa. Pia namba 116 ni simu ya mtoto, hupigwa bila malipo.

Tuanze wapi?

Anzeni wakati wa amani. Anayesubiri ugomvi atakuta kila mtu ameshika upande. Kama wazazi wapo hai na mnaelewana, kaeni kikao cha pande zote mbili, muandike. Kikao hakitoi amri kama ya mahakama, lakini kinaonyesha ni nani aliyekubali nini, na siku gani. Mfano wa kuandika ni huu:

MUHTASARI WA KIKAO CHA UKOO
Kijiji cha ………… Kata ya ………… Wilaya ya ………… Tarehe …………
Waliohudhuria (jina, uhusiano na mtoto, sahihi): …………
Jina la mtoto: ………… Amezaliwa tarehe: …………
Jina la mama: ………… Jina la baba: …………
1. Mtoto huyu analelewa na ………… tangu tarehe ………… kwa sababu …………
2. Tumekubali aendelee kulelewa na …………
3. Baba/mama atatoa kwa matunzo ………… kila mwezi, na atamwona mtoto siku za …………
4. Mlezi akiugua au akifariki, tunapendekeza mtoto alelewe na …………
5. Mali aliyoachiwa mtoto ni ………… Itatunzwa na ………… mpaka msimamizi ateuliwe na mahakama.
Mwenyekiti wa kikao ………… Katibu …………
Afisa Mtendaji wa Kijiji, sahihi na muhuri: …………

Andikeni nakala tatu. Moja ya mlezi, moja ya upande wa pili, moja ofisi ya kijiji. Na anayejua kuandika jina lake aliandike, asipige dole gumba. Tulifundishana kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sharti namba nne watu huliruka kwa kuogopa kutaja kifo. Msiliruke. Bibi wa miaka 66 anayelea mtoto wa miaka minane lazima alifikirie. Hata amri ya malezi haimrithishi mtu. Mlezi akifariki, anayefuata ataomba yake.

Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hana ada. Baraza na wazee wanaweza kusuluhisha, na ni jambo jema, lakini amri ya malezi hutolewa na mahakama. Asiye na fedha za wakili aulize wasaidizi wa kisheria wa wilaya yake. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada wao ni bure. Mtu akikudai "hela ya fomu" bila risiti, mwombe risiti kwanza.

Bibi yetu alikwenda ustawi wa jamii. Baba aliitwa, akaja. Pale ofisini alisema jambo ambalo hakulisema barazani. Aliondoka siku ile kwa sababu hakuwa na kitu, akaona aibu kurudi mikono mitupu, na aibu ikazaa miaka. Bibi alimsikiliza. Hawakupatana juu ya mtoto akae wapi, kwa hiyo maombi yamepelekwa mahakamani na yametajwa mara mbili. Lakini wamepatana kwamba likizo ya Desemba mtoto atakwenda Handeni wiki mbili kumjua bibi yake wa upande wa pili, na wameiandika. Mjomba ameacha kuangua nazi. Ukoo umempendekeza mama mdogo wa mtoto kuwa msimamizi.

Mkoba wa bibi sasa una karatasi saba. Amezipanga kwa tarehe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chenu, ni watoto wangapi wanaolelewa na ndugu wasio wazazi wao? Je, walezi hao wana karatasi gani?
2. Kwa nini kikao cha upande wa mama peke yake hakikumtosha bibi wa Pangani?
3. Baba huyu alirudi baada ya miaka saba. Nusu ya kikundi imtetee baba, nusu imtetee bibi. Kisha mkumbuke kuuliza: mtoto angesema nini?
4. Nakilini muhtasari ule kwenye madaftari yenu na kujaza majina ya kubuni. Mwalimu asahihishe tahajia.
5. Tuseme una minazi 24 na mjukuu asiyekurithi. Theluthi moja ni minazi mingapi?